Cherehani ya umeme, ya miguu au ya betri kwa nguo za igizo la watoto?

Sindano_Butu:
Habari za humu wadau. Naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Wanangu wana igizo shuleni, na mimi kwa mdomo wangu mwenyewe nikajitolea kushona mavazi. Nimechuja nikabaki na tatu: cherehani ya umeme ya nyumbani, ya miguu ambayo jirani anaiuza, au ile ndogo ya betri ya kushika mkononi kama stepla. Mama yangu anasema zote upuuzi, ninunue sindano na uzi nikae chini. Nichukue ipi?

FundiMstaafu:
Mwanangu, umeuliza kama mtu anayetaka kujua apande chombo gani bila kusema anakwenda wapi. Watoto wangapi, na wana umri gani? Kitambaa gani? Igizo lini? Na wewe umewahi kukalia cherehani hata siku moja? Ukijibu hayo tutazungumza.

UziMwekundu:
Ya miguu, bila kufikiria mara mbili. Umeme ukikatika unaendelea, na mwendo unao wewe miguuni: ukitaka mshono mmoja mmoja kwenye kona, unapata. Ya umeme ukikanyaga pedali vibaya inakimbia na kitambaa chako. Ninayo niliyorithi kwa bibi, mafuta kidogo na mkanda mpya basi, inashona jinzi kama siagi.

Bi_Shanga:
@UziMwekundu wewe kila mada humu ni ya miguu tu 😂 Mtu anaweza kuuliza sufuria utamwambia ya miguu. Nyingi za zamani zinashona mstari mnyoofu peke yake. Mavazi ya watoto yana vitambaa vya kuvutika, mtoto akiinama tu uzi unakatika pa! Anahitaji zigizagi, ule mshono wa kupindapinda unaokubali kuvutika. Tena nyingi za umeme unavua kile kisanduku cha mbele unabaki na mkono mwembamba wa kuvisha mkono wa nguo ya mtoto. Kwenye meza ya bibi yako utaupitisha wapi?

Kata_Kwanza:
Hiyo ya betri ifute kabisa. Zile za kushika mkononi zinashona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Usipofunga fundo mwishoni, mtoto akivuta kauzi kalikojitokeza, mshono wote unafunguka kama gunia la nafaka. Nzuri kwa pazia lililolegea, si kwa mtoto anayeruka jukwaani.

UziMwekundu:
Mnyororo usiudharau, ndio mshono wa cherehani ya Barthélemy Thimonnier kule Ufaransa, hataza (haki ya mvumbuzi) ya 1830. Mafundi wakaona watakosa kazi, wakavamia karakana yake wakavunja mashine zote.

Kata_Kwanza:
Sawa, lakini ulibadilishwa kwa sababu. Elias Howe alipata hataza 1846 kwa mshono wa nyuzi mbili zinazofungana, juu na chini. Isaac Singer alifuata na yake 1851, na Howe akamshtaki akashinda.

UziMwekundu:
Singer ndiye aliyeifanya ikae majumbani. Mwenye hataza na mwenye soko ni watu wawili.

FundiMstaafu:
Mwenye mada hii yuko wapi?

Sindano_Butu:
Samahani, nilikuwa nalaza watoto. Ni wawili, miaka 4 na 7. Mkubwa ni simba, mdogo ni mti. Wiki tatu zimebaki. Kitambaa bado sijanunua, nilifikiria manyoya ya bandia kwa simba. Kushona nimewahi kurudisha vifungo tu.

BabaPacha:
Umesema simba na manyoya? Kaa chini nikusimulie.

Mwaka juzi nilinunua ya umeme, kazi ya kwanza simba. Nikayakata manyoya kwa mkasi kutoka upande wa manyoya, kama mtu anakata karatasi. Sebule ikajaa nyuzi, tukawa tunazitoa kwenye chai wiki nzima, na kingo za kitambaa zikaonekana kama kichwa kilichonyolewa na mlevi. Nikashona na sindano iliyokuja na cherehani, nyembamba, ikavunjika mara mbili. Kipande cha juu kikawa kinasukumwa mbele kuliko cha chini: nilianza vikiwa sawa, nikamaliza kimoja kimezidi kwa upana wa vidole viwili. Nikafumua. Nikashona tena. Mashine ikagoma, kufungua pale kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, nikakuta kiota cha nyuzi, kweli kiota, panya angezaa mle.

Nikamaliza saa nane usiku. Asubuhi namvalisha, kichwa hakipiti. Nilikuwa nimepima shingo! Sikupima kichwa. Nikaitanua tundu kwa mkasi mtoto akiwa analia ndani ya simba. Alivaa dakika kumi, likamwasha, likampa joto, akalivua jukwaani mbele ya wazazi wote akamkabidhi mwenzake aliyekuwa jiwe. Akaendelea kunguruma akiwa na fulana.

Bi_Shanga:
Nimecheka mpaka mume wangu kaja kuuliza 😂😂 "akiwa analia ndani ya simba"

FundiMstaafu:
BabaPacha, kosa si la cherehani. Manyoya unayageuza mgongo, unakata kwa wembe kile kitambaa cha nyuma tu, manyoya yenyewe hayaguswi. Sindano namba 90/14 au 100/16, nene kuliko yako, mshono mrefu wa milimita 3.5 hadi 4. Kabla ya yote unapiga bandi kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, hapo hakuna kipande kitakachomkimbia mwenzake. Na manyoya yana mwelekeo, vipande vyote vilale upande mmoja, la sivyo simba ataonekana katoka usingizini upande mmoja.

Sasa Sindano_Butu, mtu wa vifungo na wiki tatu asiguse manyoya mwili mzima. Weka kwenye kofia na mkia peke yake. Mwili uwe pamba ya kawaida, haitelezi na haivutiki.

Kata_Kwanza:
Na huyo mti afanywe kwa felti, kile kitambaa cha nyuzi zilizogandamizwa. Haichambuki nyuzi ukiikata, kwa hiyo hakuna kupinda pindo. Majani unakata hata na mtoto mwenyewe akisaidia, unayashikiza kwa mkono kwenye fulana ya zamani. Kwa mti huhitaji cherehani yoyote. Mama yako ana hoja.

Gundi_Moto:
Mbona hakuna aliyetaja gundi? Bunduki ya gundi, usiku mmoja, mti na simba vyote tayari.

Bi_Shanga:
Gundi ikipoa inakuwa ngumu, inakwaruza ngozi, na ukiifua kwa maji ya moto inaachia. Mara ya mwisho mabawa ya kipepeo yalibaki kwenye kiti cha gari.

Gundi_Moto:
Nani anafua mti?

Mama_wa_Wanne:
Jambo moja kabla hatujasahau: msifunge kamba shingoni, hasa kwa huyo wa miaka 4. Kiwango cha Ulaya EN 14682 kinakataza kamba kwenye kofia na shingo kwa nguo za watoto chini ya miaka 7. Kinagusa hata mavazi ya watoto ya kujigeuza, na shingo ni ileile. Weka velkro nyuma, ikivutwa inaachia, na kichwa cha mtoto wa BabaPacha kingepita.

BabaPacha:
Kichwa cha mwanangu kimekuwa mfano sasa.

UziMwekundu:
Kwa pamba ya mstari mnyoofu basi ya miguu inatosha. Nimerudi palepale.

Bi_Shanga:
Na mwakani akitaka kushona suruali ya kuvutika? Anunue nyingine? Achukue ya umeme mara moja.

FundiMstaafu:
Sindano_Butu, hiyo ya jirani umeijaribu? Nenda na vipande vyako vya kitambaa, shona tabaka mbili, kisha nne. Geuza uangalie chini: nyuzi zikilegea kama vitanzi na kukaza uzi wa juu hakusaidii, muulize jirani kwa nini anaiuza.

Sindano_Butu:
Nimetoka kwa jirani sasa hivi. Inashona vizuri tabaka mbili, kwa nne ikaruka mishono. Anasema ni sindano tu. Pia kuna habari mpya: mwalimu kapiga simu, simba kapewa mtoto mwingine. Wangu sasa ni upepo.

Kata_Kwanza:
Upepo?

Sindano_Butu:
Upepo.

Gundi_Moto:
Riboni na gundi. Nimemaliza.

Mama_wa_Wanne:
Riboni ndefu zisifike miguuni, atajikwaa.

FundiMstaafu:
Sindano inayoruka mishono inaweza kuwa butu au imewekwa kinyume. Ibadilishe kabla ya kukata tamaa na mashine. Kuhusu upepo, nimeshona miaka arobaini na hakuna mteja aliyewahi kuniagiza. Rangi gani?

UziMwekundu:
Satini nyepesi, sindano nyembamba 70/10. Na ya miguu, polepole, kwa sababu satini inateleza.

Bi_Shanga:
Ohoo, tumeanza tena.