Baba mkwe alikuwa mtu wa reli, nimpeleke makumbusho gani ndogo hapa Nairobi?

mama_wawili_umoja
Habari zenu wandugu. Baba mkwe anakuja wiki ijayo kutoka Voi, mzee alifanya kazi reli mpaka akastaafu. Mara ya mwisho tulimpeleka makumbusho kubwa ya Museum Hill, hatujafika hata nusu akaketi kwa benchi akaanza kuuliza chakula ni saa ngapi 😂 Sasa nataka pahali padogo, vitu vichache lakini vya maana. Watoto pia wako likizo nitawabeba. Mnanishauri wapi?

behewa_la_nyuma
Dada usizunguke, mzee wa reli apelekwe makumbusho ya reli, iko hapo karibu na stesheni tangu 1971. Nje kuna injini za mvuke zimepangwa, baba yao ni Mount Gelai namba 5918, hiyo ilitengenezwa Manchester miaka ya 50, tani 252, aina hiyo zilikuja 34 na zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Watoto watataka kupanda mpaka pale kwa dereva na kushika kila chuma. Halafu usiondoke bila kuingia lile behewa la Ryall. Huyo alikuwa afisa wa polisi, mwaka wa 1900 akalala ndani yake pale stesheni ya Kima akivizia simba aliyekuwa anamaliza watu, usingizi ukamshinda, simba akaingia kwa mlango na akamtoa kwa dirisha, na wenzake wawili walikuwa mle mle. Ukisimama ndani unaona vile ni kadogo, hata mbuzi akiingia mtasukumana.

kona_ya_uhuru
Reli sawa ila nendeni asubuhi, jua la saa saba pale nje halina huruma. Mimi kura yangu ni Nairobi Gallery, ile nyumba ya mawe iliyokuwa ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa, kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, ilijengwa 1913. Watu walikuwa wanaandikisha watoto, ndoa na vifo hapo, na umbali wa barabara za nchi ulihesabiwa kuanzia hapo. Ndani kuna mali ya Joseph Murumbi, mtu wa pili kuwa makamu wa rais wa Kenya, alikalia kiti miezi michache tu 1966 akajiuzulu, na kusema kweli alikuwa na jicho la vitu vizuri kuliko wanasiasa wote waliomfuata. Vyumba ni vichache, mzee hatachoka.

tukutane_saa_nane
Na Archives je, ile nyumba ya kumbukumbu za taifa pale Moi Avenue?? Kila mtu Nairobi amesimama nje ya hiyo nyumba akingojea mtu, "niko hapa Archives uko wapi", lakini uliza nani ameshaingia. Chini pale pia ni vitu vya Murumbi, na kumetulia kabisa huku nje makanga wanapiga kelele.

mama_wawili_umoja
Eh kumbe! Naweza unganisha reli na Archives siku moja ama nitamuua mzee?

behewa_la_nyuma
Inawezekana, msikimbizane tu. Mkitoka reli shikeni Haile Selassie mpaka kona ya Moi Avenue, hapo kuna bustani ya Agosti 7, palipolipuliwa ubalozi wa Marekani 1998, majina ya waliokufa yameandikwa ukutani. Mzee apumzike hapo kidogo, kisha mnanyoosha na Moi Avenue mpaka Archives. Beba kitambulisho na simu iwe na pesa, sehemu nyingi za serikali siku hizi ni kulipia eCitizen, ule mtandao wa serikali.

kona_ya_uhuru
Gallery mmeiruka hivyo hivyo 😒

mama_wawili_umoja
Gallery nitaenda na bwanangu, usijali 😂 Mzee nimempigia simu sasa hivi. Amesema tusilipe mtu wa kututembeza pale reli, yeye mwenyewe ndiye atatueleza, na watoto wasiguse kitu mpaka awaambie.