Naomba ushauri: mkimbizi wa Tengeru mwenye tarehe mbili za kuzaliwa

Wakuu, naomba msaada wa wanaozijua nyaraka za wakimbizi wa Poland waliokaa Tengeru, Arusha.

Naandika wasifu wa bibi aliyehamishwa kwa nguvu na Wasovieti mwaka 1940 akiwa mtoto. Alitoka kupitia Pahlavi, Iran, mwaka 1942, akakulia Tengeru, kisha akapanda meli ya General Langfitt pale Mombasa na kushuka Fremantle, Australia, Februari 1950. Huko akaolewa, akalea watoto wanne.

Karatasi moja inasema 3/8/1931, nyingine 8/3/1933. Siku na mwezi kupishana ni kosa la kawaida la makarani. Linaloniumiza kichwa ni ile miaka miwili. Huenda umri ulipunguzwa makusudi njiani?

Jina nalo ni balaa. Kirusi hakina H, hivyo kwa Wasovieti jina lake Helena likawa Gelena. Karani wa Kiingereza akaandika herufi ya Kipolandi Ł kama L tu, na ukoo wa -ska (wa kike) akaugeuza -ski (wa kiume). Kwa hiyo kwenye Indeks Represjonowanych (orodha ya Wapolandi walioteswa na Wasovieti) natafuta kwa jina la baba na mwaka, si kwa ukoo peke yake.

Kilichobaki ni cheti cha ubatizo. Baadhi ya vitabu vilivyosalimika vya parokia za iliyokuwa Poland ya mashariki, vile visivyofikisha miaka 100, viko ofisi ya usajili ya jiji la Warsaw. Aliyewahi kuomba huko: barua ya idhini kutoka kwa mtoto wake inatosha, au lazima ithibitishwe na wakili na kutafsiriwa Kipolandi kwanza?