Msaada: mto unakula kiwanja changu, gabioni au ukuta wa zege?

Mwana wa Goba (mleta mada):
Wakuu, heshima kwenu. Nahitaji ushauri kabla vuli haijaanza. Nyumba yangu iko Goba, Dar, kando ya Mto Mbezi. Kila masika ukingo unamegeka. Mwaka huu mwembe uliokuwa nyuma ya choo umekwenda na maji, na sasa uani kuna ufa unaotambaa kuelekea jikoni. Fundi mmoja ananiambia niweke gabioni, vile vikapu vya waya vinavyojazwa mawe. Mwingine anasema nisipoteze hela, nimwage ukuta wa zege. Kipi kinadumu? Mvua ikianza usiku mama yangu analala na viatu miguuni. Nipo hapa nawasubiri.

Mzee wa Nondo:
Zege, mkuu, na nondo za milimita 16, usibanie. Ukuta wangu Bunju una miaka sita, hauna hata mkwaruzo.

Pima Maji:
Mzee wa Nondo, huo ukuta wako uko mtoni?

Mzee wa Nondo:
Hapana, ni uzio. Lakini zege ni zege.

Pima Maji:
Si hivyo, mzee wangu. Ukuta wa mtoni hausukumwi na maji ya mbele peke yake. Udongo wa nyuma ukishalowa unakuwa mzito, na maji yaliyonaswa humo yanausukuma ukuta kuelekea mtoni. Mto ukishuka ghafla, mbele hakuna tena cha kuusaidia. Kama hukuacha matundu ya kutolea maji, unaanguka kifudifudi. Gabioni inapitisha maji, na msingi ukititia kidogo inajikunja bila kupasuka. Ila nayo inaanguka mto ukichimba chini ya mguu wake, ndiyo maana mbele hutandikwa godoro la waya lenye mawe. Nyuma unaweka kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo unapenya kwenye mawe na ua wako unazama polepole.
Mleta mada, uko kona ya nje ya mto, ile inayopigwa na maji, au ya ndani? Ni mita ngapi toka ukingoni? Na ukuta unakaa wapi hasa?

Mama Tausi:
Mwanangu, mimi nilikuwa mpangaji Jangwani Desemba 2011. Maji yalikuja asubuhi, saa nne tulikuwa juu ya bati na majirani tusiowajua majina. Wenzangu wakapelekwa Mabwepande, mimi nikaenda kwa dada yangu Mbagala. Cherehani niliiacha, hadi leo naiona. Mtoe mama kwanza, mambo ya waya baadaye.

Mwana wa Goba:
Shikamoo mama, asante. Mama yangu hataki kuondoka, baba amezikwa hapo hapo.
Pima Maji, ni kona ya nje. Umbali wa kawaida tu. Mawe nimepata bei nzuri toka Lugoba.

Pima Maji:
"Wa kawaida" ni mita ngapi? Na ukuta unakaa wapi? Nauliza mara ya pili.

Mwana wa Goba:
Toka kona ya nyumba mita nane. Ukuta hautakaa ukingoni pa sasa, utakaa ulipokuwa ukingo tuliponunua, yaani mita sita kuingia mtoni, halafu nyuma tunajaza kifusi. Sichukui ardhi ya mtu, karatasi ya mauziano ninayo na vipimo vimeandikwa. Fundi nimeshampa nusu na waya umefika.

Pima Maji:
Hilo ndilo ungeanza nalo. Ukiubana mto kwa mita sita, maji yale yale yanapita kwenye nafasi ndogo, yanaongeza kasi, yanachimba sakafu chini ya ukuta wako na kupiga ng'ambo. Ng'ambo kuna nini?

Mwana wa Goba:
Nyumba mbili na njia ya watoto wa shule. Lakini wao wako kona ya ndani, mchanga unawajia wao, na ni mchanga wa kwangu! Malori yanauzoa kila siku. Mimi nikae tu?

Raia Mwema wa Kibamba:
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57: mita 60 toka ukingo wa mto. Watu mnajenga mtoni halafu mnalia.

Mwana wa Goba:
Baba alinunua mto ukiwa mbali, ndugu yangu. Mto ndio umetufuata.

Nyar Budalang'i:
Poleni sana kutoka Kenya. Sisi Mto Nzoia una matuta ya kuzuia mafuriko pande zote mbili. Mto ukibanwa, matope yanatuama humo humo, sakafu inapanda, tuta linaongezwa, mto nao unapanda. Likipasuka, maji yanaingia kijijini kwa nguvu kuliko zamani.

Nimekaa Pale:
Samahani, kuna mwingine anayenusa tangazo? Akaunti imefunguliwa juzi, mto wenyewe sasa hivi unavuka bila kulowa, halafu "waya umefika" na "bei nzuri toka Lugoba". Kesho ataweka namba ya simu. Picha iko wapi?

Mzee wa Nondo:
Kweli, picha.

Mwana wa Goba:
Siuzi chochote. Mto ukiwa mkavu ndio wakati wa kuchimba msingi, ukijaa fundi atasimama wapi? Picha siweki, kaburi la baba linaonekana.

Pima Maji:
Mimi namwamini. Muuza waya asingetaja njia ya watoto.
Kaka, rudisha mstari kwenye ukingo wa sasa, ufuate mkunjo wa mto. Ncha zote mbili zizamishwe ndani ya ukingo, maji yasizunguke nyuma. Godoro mbele. Kwenye mteremko wa juu panda nyasi za vetiva, mizizi yake hushuka mita mbili hadi tatu, ila mguu wa ukingo haiwezi kuushika peke yake. Kabla ya jiwe la kwanza nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu na mchoro, ukazungumze nao na hiyo habari ya mita 60. Na malori yakiendelea kuchimba hapo chini, sakafu itashuka hadi kwako, ukuta wowote utaning'inia.

Mwana wa Goba:
Nimempigia fundi. Anasema mstari ukirudi nyuma hela yake haipungui, mfereji ameshachimba nusu. Kesho naenda bodi na mchoro wa mkono. Mama amekubali kulala kwa shangazi vuli hii, mchana atarudi.

Mama Tausi:
Alhamdulillahi. Hiyo vetiva inauzwa wapi hapa Dar? Kwetu Mbagala mtaro nao umeanza kumega.