Klachi za kamba zinateleza, na nataka waya wa nyuma unaorekebishika: nianze na lipi?

Mwanajoshi
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kabla sijatoboa sitaha.

Mashua yangu ya matanga ni ya futi 30, mlingoti mmoja, na waya wa mbele unaoushikilia mlingoti haufiki kileleni. Tanga kuu lina mita za mraba 20, la mbele 25. Henza zote mbili (kamba za kupandishia matanga) zinarudi nyuma hadi kwa mshika usukani kupitia klachi za zamani, yaani vibano vinavyoshika kamba isirudi. Upepo ukifika noti 15 (maili za baharini kwa saa), henza ya tanga kuu inaanza kuteleza. Ukingo wa mbele unajikunja na tanga linafanya tumbo wakati ule ule ninapolitaka liwe bapa.

Kamba ni polyesta ya milimita 10, nafikiria kuhamia Dyneema (nyuzi za sintetiki zenye nguvu sana) ya milimita 8. Pia waya wa nyuma umekazwa kwa skrubu tu, nami nataka makapi (puli za kamba) ili niweze kuukaza nikiwa safarini. Fedha haitoshi kufanya yote kwa mkupuo mmoja. Nianze wapi, na klachi nichague kwa kuangalia nini?

Fundi_Kamba
Karibu mkuu. Amua kamba kwanza, klachi itafuata. Klachi ya kibano cha meno hutengenezewa vipenyo fulani, tuseme milimita 6 hadi 12. Watu wanasoma hivyo wanadhani inashika kamba zote hizo sawasawa. Haishiki. Kamba nyembamba inashikwa kwa nguvu ndogo zaidi kuliko nene, kwenye klachi ile ile. Ukitia Dyneema ya 8 kwenye klachi zako za sasa, tatizo litazidi.

Dyneema ni kamba nzuri sana kwa henza kwa sababu hainyooki ovyo, lakini nyuzi zake ni telezi. Nunua yenye ganda la polyesta, tena ganda lililofumwa kwa kubana. Pale inapokaa ndani ya klachi tanga likiwa juu, mfumaji anaweza kukuongezea kipande cha kiini ili kamba inenepe hapo tu. Ni kazi ndogo na inasaidia mno.

Kabla ya kununua chochote, fungua klachi uzioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha utazame meno. Yakiwa yamelika, klachi nyingi zina vibano vya akiba vya kubadilisha.

Noti_Ishirini
Naongeza hesabu. Kwa demani (kamba ya kulivuta na kuliachia tanga) ya tanga la mbele, kadirio linalotumika sana ni hili: eneo kwa mita za mraba, mara noti za upepo, mara noti tena, mara 0.021. Jibu ni kilo. Tanga lako la mita 25 kwenye noti 15 ni kama kilo 118. Kwenye noti 20 ni kilo 210. Upepo ukiongezeka maradufu, mzigo unakuwa mara nne.

Hiyo ni demani, henza ina hesabu yake, lakini inakuonyesha mzigo unavyopanda haraka. Kwenye karatasi ya klachi, usisome ile namba kubwa ya juu. Soma kilo zilizoandikwa kwa kipenyo cha kamba YAKO.

Na tafadhali, demani ya tanga la mbele isipite kwenye klachi. Dharuba ikipiga unatakiwa uachie papo hapo. Iache kwenye winchi, ile ngoma ya kuzungushia na kuvutia kamba. Hata henza yenye mzigo, izungushe kwanza kwenye winchi, vuta kidogo, ndipo ufungue klachi. Kufungua mkono mtupu kunakula ganda la kamba na vidole vyako.

Kijana_wa_Omo
Mimi naona tofauti. Kwa nini henza zirudi nyuma kabisa? Kila kapi inapogeukia kamba linakula nguvu. Rudisha henza kwenye mlingoti, weka winchi hapo, fedha ya klachi ihamie kwenye waya wa nyuma.

Mwanajoshi
Nakuelewa ndugu yangu, ila mara nyingi nasafiri peke yangu. Kwenda mlingotini usiku bahari ikiwa imechafuka sitaki.

Mzee_wa_Mlingoti
Basi klachi zibaki nyuma, hilo halina mjadala kwa anayesafiri peke yake.

Waya wa nyuma sasa. Kwa mlingoti wa aina yako una faida kubwa: ukiukaza, mlingoti unapinda, tanga kuu linakuwa bapa, na waya wa mbele unakazika kwa hiyo tanga la mbele halilegei tumbo. Upepo ukipungua unaulegeza, tumbo linarudi. Makapi yanayozidisha nguvu mara nne ni machache kwa futi 30. Panga ya mara mbili, juu ya nyingine ya mara mbili, kisha ya mara nne: unapata mara 16. Ukivuta kilo 20 ni kilo 320, toa msuguano.

Jambo moja nakusihi, mwanangu. Tazama mikono ya mlingoti, zile fito zinazosukuma waya za pembeni nje. Kama haielekei nyuma, waya wa nyuma ndio unaouzuia mlingoti usianguke mbele. Weka kamba ya usalama sambamba na makapi, yenye urefu wa kuukamata mlingoti makapi yakikatika.

Waya za pembeni zikaze kwanza, mashua ikiwa imefungwa. Kwenye waya wa nyuzi 19, pima mita 2 ukiwa umelegea. Kila milimita moja unayorefuka ni asilimia 5 ya nguvu ya kukatika. Anzia milimita 3, ila maelekezo ya mtengenezaji wa mlingoti yatangulie.

Mwanajoshi
Ahsanteni sana. Mikono yangu imenyooka pembeni, haielekei nyuma, kwa hiyo kamba ya usalama ni lazima. Naosha klachi na kukagua meno, kisha nanunua henza ya milimita 10 yenye kiini cha Dyneema badala ya 8. Makapi yatafuata. Kama meno yamekwisha na vibano havipatikani, matundu mapya ya sitaha niyazibeje?

Fundi_Kamba
Sitaha yako ikiwa na mbao laini katikati, toboa tundu kubwa kuliko boliti, jaza epoksi, ikikauka toboa tena kwa kipimo cha boliti. Maji hayafiki kwenye mbao. Chini weka bati pana, si washa tupu. Na kabla ya kutoboa, pitisha kamba hadi kwenye winchi uone inapanda kidogo kuelekea ngoma. Ikishuka, mizunguko yake itapandana na kukwama.