Simu za upepo za idara hazisikilizani: tuanzie wapi kabla ya mvua?

Mratibu_Mlimani
Habari zenu wakuu. Tunaandaa mpango wa maafa wa wilaya moja ya mlimani, upande wa Elgon, Uganda. Polisi wana mtambo wa dijitali, watu wa Msalaba Mwekundu wana simu za upepo za VHF za analogi, yaani za zamani zisizo za dijitali, na gari la wagonjwa linategemea simu ya mkononi tu. Udongo ukiporomoka kama Nametsi mwaka 2010 au Bukalasi mwaka 2018, mtandao wa simu unazidiwa na kila idara inabaki na habari zake. Fedha zilizopo zinatosha simu za upepo sita za mkononi, moja ya mezani na betri ya 12V. Mwenzetu mmoja anapendekeza tununue kisanduku cha kuunganisha mitambo. Mngeanzia wapi?

FundiAntena
Kisanduku kiacheni kwanza. Kinataka fundi wa kukaa nacho muda wote, na kikikosewa kidogo kinashikilia chaneli zote mbili, hakuna anayepita.

Ombeni UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, iwaidhinishie masafa ya VHF. Msichague namba kichwani. Kisha wekeni chaneli moja ya pamoja, analogi, ya moja kwa moja bila ripita (mtambo wa kupokea na kurusha tena sauti), kwa sababu ripita ikizimika wote mnakuwa mabubu. Chaneli hiyo iwe na namba ileile kwenye kila simu. Ukimwambia askari "nenda 16" na kwake 16 ni kitu kingine, umempoteza.

Hitilafu inayowasumbua wengi ni toni, yaani mlio mdogo usiosikika unaotumwa pamoja na sauti ili kufungua spika ya mpokeaji. Simu iliyofungwa toni upande wa kupokea hunyamaza kabisa mwenzake asipoituma: taa ya kijani inawaka, sauti haitoki, na mtu anadhani spika imekufa. Kwenye chaneli ya pamoja ondoeni toni ya kupokea. Angalieni pia upana wa chaneli: simu zote ziwe 12.5 kHz. Ya 25 ikiongea na ya 12.5, sauti inakwaruza. Kinyume chake inasikika kwa mbali.

Watu wa dijitali hawataingia humo kama simu zao hazina analogi ya VHF. Waazimeni simu moja kati ya hizo sita, basi. Nyingine mpeni mtu wa kupokezana ujumbe akae mgongoni mwa mlima, maana wati 5 hazipenyi kilima.

Mratibu_Mlimani
Asante sana, ndugu fundi. Betri ya 100Ah itakaa muda gani na ile ya mezani ya wati 25?

FundiAntena
Ikisikiliza tu hula kama ampea 0.5, ikituma hula kama 6. Ukituma sehemu moja kati ya kumi za muda, wastani ni kama ampea 1. Betri ya asidi usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo hesabu 50Ah: siku mbili hivi. Waya uwe mfupi na mnene. Mwembamba unashusha volti unapobonyeza kutuma, simu inajizima katikati ya neno. Za mkononi, kila moja iwe na betri ya pili iliyojaa.

Zamu_ya_Usiku
Fundi amesema vizuri, ila vyombo haviamui nani anaongoza. RDC, mwakilishi wa Rais wilayani, anaongoza kamati ya usalama, CAO, ofisa mtendaji mkuu wa wilaya, anasimamia idara za wilaya, na mkuu wa polisi ana watu wake. Andikeni sasa, kwa sahihi zao wote, nani ni kamanda wa eneo la tukio na nani anampokea akichoka baada ya zamu ya saa 12. Kila idara ilete ofisa mmoja akae meza moja na kamanda, mwenye mamlaka ya kutoa gari bila kupiga simu kwa bosi wake. Asiye na mamlaka hayo anajaza kiti tu.

Jambo jingine linapuuzwa mno: saa. Askari wengi wataongea Kiswahili hewani, mganga ataongea Kiingereza. "Saa mbili" ni 0800 au 2000 kwa mmoja, 0200 au 1400 kwa mwingine. Gari la kuhamisha watu linafika likiwa limechelewa kwa muda wa saa sita nzima. Hewani tumieni tarakimu nne tu, na mpokeaji arudie alichosikia. Misimbo ya idara ikae nyumbani. Semeni "majeruhi watatu, mmoja hapumui vizuri, shule ya msingi, barabara imekatika".

Daftari_la_Wodi
Naongeza la kuhesabu watu. Mtu mmoja huandikwa kwenye udongo, kituo cha afya na kambini, akawa watatu. Mwingine anatafutwa kwa koleo ilhali yuko wodini. Toeni kadi zenye namba zilizochapwa mapema, 001 hadi 300, zenye uzi wa kufunga mkononi. Namba hutolewa mahali pa kwanza anapoguswa na mwokoaji, haibadilishwi tena. Mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, alete orodha ya kaya, maana ndiye anayejua nani alikwenda kwa shemeji na hakulala nyumbani.

Zamu_ya_Usiku
Hapo kweli, dada. Mratibu, fanyeni zoezi la muda wa saa tatu, simu zote za mkononi zimezimwa na kuwekwa kwenye beseni moja. Anzeni 1700 ili giza liwakute kazini: ndipo mtajua nani hawezi kubadili chaneli bila kuona vitufe.