Linta kwenye skripti ya majaribio: Docker, pre-commit au sh tupu?

Mchapakodi: Wakuu, habari za leo. Timu yetu inataka linta (programu za kukagua makosa kwenye kodi) ziendeshwe ndani ya skripti ya majaribio na zitoe jibu lilelile kwenye kila mashine. Zimebaki njia tatu: kontena la Docker (mazingira yaliyofungwa pamoja na programu zake), pre-commit (zana inayoendesha linta kabla ya kila commit ya Git), au skripti ya sheli ya sh inayoita linta iliyopo kwenye mashine. Ijumaa natakiwa kutoa uamuzi.

BintiKodi: Kila mashine zipi? Kodi ya lugha gani? Hapo hujatuambia kitu.

FundiSeva: Docker. Unafunga toleo la linta humo, mjadala umeisha.

MpwaWaPwani: Haujaisha, mkuu. Mradi niliokuwapo, skripti ilipita Ubuntu ikafia kwenye Mac. Ilitumia mapfile, amri iliyokuja na toleo la 4 la sheli ya bash, na macOS inakuja na 3.2. Ikarekebishwa, ikafia kwenye sed -i, amri ya kuhariri faili papo hapo: ya GNU (iliyo kwenye Ubuntu) haidai kitu zaidi, ya Mac inadai kiambishi cha faili la akiba. Kisha mwenzetu wa Windows akavuta repo, Git ikageuza miisho ya mistari kuwa CRLF, mtindo wa Windows, ShellCheck (linta ya skripti za sheli) ikamwaga kosa SC1017, la miisho hiyo, skrini nzima. Kilichotuponya ni mstari mmoja kwenye .gitattributes, faili la mipangilio ya Git: `*.sh text eol=lf`. Kontena lisingesaidia, lingesoma mafaili yaleyale ya diski.

FundiSeva: Hiyo ni shida ya Mac. Nani bado anatumia bash ya 2006?

MpwaWaPwani: Bash 4 ilihamia leseni ya GPLv3, Apple wakabaki na ya zamani. Tangu 2019 wameweka zsh kuwa sheli ya kawaida.

Mchapakodi: Nimjibu BintiKodi: kodi ni ya Python na shell. Ubuntu, Mac, Windows moja. CI, seva inayoendesha majaribio yenyewe, ni Alpine, Linux ndogo.

BintiKodi: Alpine haiji na bash, sh yake ni ya BusyBox, kifurushi cha amri zilizopunguzwa! Andika `#!/bin/sh`, tafuta linta kwa `command -v`, za Python ziite kwa `python3 -m`. Linta ikikosekana, tafadhali skripti isipite kimya: CI ifeli, kwenye mashine ya mtu itoe onyo. Automake, zana ya kujenga programu, ina msimbo 77 wa jaribio lililorukwa, uige.

Mchapakodi: Na tofauti za matoleo?

BintiKodi: Hapo pre-commit inaishinda sh tupu kwa `rev`, mstari wa mipangilio yake unaofunga toleo.

FundiSeva: Docker pia inafunga toleo, nimeshasema.

MpwaWaPwani: Huyo wa Windows ana WSL, yaani Linux ndani ya Windows, au hana?