Naomba ushauri: nimemkatalia mteja masaji, sasa tangazo langu linanisumbua

Habari zenu wakuu. Nina chumba kidogo cha masaji, kitanda kimoja, nafanya kazi peke yangu. Juzi alikuja mama mmoja, kigimbi cha kushoto kimevimba, kina joto, ukikigusa tu anashtuka. Nikakataa kumkanda. Kama damu imeganda kwenye mshipa wa ndani, kukanda kunaweza kung'oa bonge likakimbilia mapafuni. Nikamsihi awahi hospitali siku hiyohiyo.

Aliondoka amenuna: “Si umeandika unatibu maumivu yote?”

Kukataa sijutii hata kidogo. Ila hilo neno “yote” nimelifuta. Nyie wenzangu wa kazi hii, matangazo yenu mnayaandikaje yawe ya kweli na wateja bado waje?